Kupita Chini Endulen

"Injini ikizima hapa, ndege unaiweka wapi?"

Kapteni aliniuliza hivyo tukiwa kati ya mlima Oldeani na msitu wa ukingo wa kreta, asubuhi ya kwanza aliyonipeleka njia ya Endulen. Aliuliza kama mtu anayeomba chumvi mezani. Nilitazama chini. Kulia msitu mweusi, ukungu umejilaza juu yake. Kushoto miteremko ya mlima, miti ileile. Mbele makorongo. Mashamba ya ngano na kahawa ya Karatu, ambako ndege inaweza kushuka na watu wakatembea wenyewe kutoka ndani yake, yalikuwa yameshabaki nyuma ya mkia. Nilikuwa bado natafuta. Injini ilikuwa inanguruma vizuri tu, sindano zote ziko mahali pake, na mimi jasho linanitoka mgongoni kwenye baridi ile.

"Umekufa," alisema. "Wewe, mimi na abiria. Tuendelee."

Nilikufa mara nyingi miezi ile. Nilikufa juu ya Ziwa Manyara, nilikufa nikiwa napaa, nilikufa nimesimama chini kabisa, injini haijawashwa, kwa sababu nilitaja hatua ya tatu kabla ya ya pili. Kapteni hakuwahi kupandisha sauti. Mazungumzo ya redioni na amri za ndani ya ndege vilikuwa kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa. Kufa tu ndiko alikonitamkia kwa Kiswahili, labda ili kuniingie.

Watu wa nje hudhani ukishaajiriwa kuwa rubani basi wewe ni rubani. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa na shahada ya fizikia, nilikuwa na leseni, nilikuwa nimefaulu mitihani ya mamlaka, na kampuni ndogo iliyokuwa na ndege zake za injini moja kwenye kiwanja cha juu ya bonde la Manyara ilikuwa imenipa mkataba na shati jeupe. Siku ya kwanza karani wa ofisi alinikabidhi makabrasha. Kitabu cha ndege, kitabu cha taratibu za kampuni, kitabu cha viwanja, kitabu cha dharura, vyote vizito, vyote Kiingereza. Akaniambia nisaini kwamba nimepokea. Nikamuuliza darasa linaanza lini.

"Darasa gani tena, dada?" alisema. "Wewe si umeshaajiriwa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na darasa. Ulitakiwa kuja ukiwa tayari unajua yote, uketi kiti cha kulia pembeni ya Kapteni, naye akague unachokijua huku ndege ikiwa hewani na watalii wanapiga picha nyuma. Tuliyaita mafunzo ya njia. Yalikuwa na mwisho mmoja kati ya miwili: Kapteni aseme umeiva, uanze kurusha mwenyewe, au muda wako wa majaribio uishe hajasema, nawe ushukuriwe. Neno la ofisini lilikuwa hilo, kushukuriwa. Na marubani wa kaskazini wote wanajuana. Ukishashukuriwa na mmoja, wengine watakupokea kwa chai na biskuti na hawatakupigia simu tena. Binti aliyeketi kiti kile kabla yangu alikuwa ameshukuriwa. Kabati la vitabu lilikuwa bado lina kitana chake.

Tuliajiriwa wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa Arusha mjini, mcheshi, mrefu kiasi kwamba magoti yake yaligusa usukani. Tulipanga vyumba vilivyopakana Karatu mjini, na siku ambazo hatukuruka tulikaa barazani tukisoma. Yeye aliimba. Kweli, aliimba: hatua za dharura alizitia kwenye mdundo wa nyimbo za vijana, akatembea barazani huku anapiga mapaja. Pua chini, kasi, pangaboi, mafuta, umeme. Mama mwenye nyumba akawa naye anaimba "pua chini, kasi" akiwa anachambua mchele.

Mimi sikuweza. Nikifika kwenye pangaboi najiuliza kwa nini pangaboi kabla ya mafuta. Nikikuta namba, nataka kujua imetoka wapi, nani aliipima, kwenye joto gani, na kama ndege aliyoipimia ilikuwa imechoka kama yetu. Chuoni tabia hiyo ilinipatia sifa. Mhadhiri mmoja aliwahi kusimamisha darasa ili anijibu. Nilikuja kwenye kazi hii nikiamini kwamba mtu anayeelewa hana haja ya kukariri, na mtu anayekariri haelewi.

"Msomi," mwenzangu aliniambia, "wewe unatafuna sana. Hii kitu ni ya kumeza, dada. Meza, Kapteni akikuuliza tema. Kutafuna utatafuna ukishapata kazi."

"Nikimeza nisichokielewa, siku ya moto nitatema nini?"

"Utatema ulichomeza. Angalau utakuwa hai."

Nilimcheka. Wiki chache baadaye Kapteni alimwambia ameiva, akahamishiwa Seronera, baraza ikabaki na mimi na mama mwenye nyumba. Sikumwonea wivu mwanzoni. Nilimwonea wivu baadaye, nilipoanza kuamka usiku nikizitaja hatua na kuzikosea.

Siwezi kueleza vizuri ile hali kwa mtu ambaye hajawahi kushindwa na kitu anachokielewa. Nilikielewa! Ningeweza kuandika ubaoni kwa nini ndege inayotua Endulen, juu kule ambako hewa ni nyepesi, inakimbia ardhini kwa kasi kubwa kuliko inavyosoma kwenye sindano. Nilimweleza Kapteni siku moja tukiwa tunashuka kwenye kiwanja kingine cha juu kama hicho. Nilikuwa katikati ya sentensi alipoweka mikono yake juu ya usukani.

"Ndege yangu," alisema kwa Kiingereza.

Hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote kazini kwetu. Maana yake toa mikono, huna ndege tena. Nilitoa mikono. Aliinua pua, akaongeza nguvu, tukapita juu ya kiwanja tukiwa tumeshakula nusu yake bila kugusa ardhi. Nilikuwa nimeeleza kwa usahihi kabisa kwa nini ndege itapitiliza, na nilikuwa naipitiliza.

Tulipotua mara ya pili, yeye akiwa ndiye anayetua, alizima injini, akasubiri pangaboi lisimame. Alikuwa mtu wa Dodoma, aliyewahi kuwa mwanajeshi, mfupi, hakuwahi kuonekana bila sweta. Alikuwa amehamia kaskazini miaka michache tu kabla sijaajiriwa, na huku alikuwa anaonekana mgeni daima, kama mtu anayesubiri gari lake lije limchukue.

"Binti," alisema, "nani alikwambia nataka unieleze?"

Nilishika kitasa cha mlango.

"Mimi sitaki unieleze. Nataka mkono wako ufanye kabla kichwa hakijafika. Kichwa chako kinafika vizuri, lakini kinachelewa."

Kisha akanipa neno lake la kila siku, "bado", akashuka kwenda kusimamia mizigo.

Bado. Nilianza kulisikia kila mahali. Nilikuwa najibiwa hilo mgahawani nikiuliza kama chakula kiko tayari, na moyo unashtuka.

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya Karatu, upande wa mashamba makubwa ya kahawa. Baba alikuja kutoka Singida akiwa kijana, kuchuma na kupogoa, akabaki. Mama ni wa Mbulu, walikutana kwenye foleni ya kupimiwa kahawa. Sasa baba ni mlinzi wa shamba moja. Mama alinisimulia kwamba kila ndege inapopita juu ya shamba, baba anavua kofia. Hajui ipi ni yangu. Anazivulia zote, hata zile kubwa za juu kabisa zinazotoka nchi nyingine kwenda nchi nyingine, na wenzake wameshazoea kumsubiri amalize ndipo waendelee na mazungumzo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ndani ya ile ndege binti yake anatolewa mikono kwenye usukani. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Mwezi wa mwisho wa majaribio nilirudi kulala nyumbani, kwa sababu baraza ya mjini ilikuwa inanisema. Nilichora dashibodi nzima kwenye boksi la friji, sindano na swichi zote kwa kalamu ya wino, nikaligongomelea kwenye ukuta wa zizi la mbuzi. Nikaketi mbele yake kwenye kigoda, mwiko wa ugali mkono wa kulia ukiwa kidhibiti cha injini. Marubani wengi hufanya hivyo, ingawa hawapendi kuonekana. Asubuhi hadi mchana niliruka kwenda Endulen nikiwa nimeketi uani. Nilijizimia injini. Nilishusha pua, nilivuta mwiko, niligusa swichi za karatasi, nilitangaza kwa Kiingereza kwamba nina dharura, nikataja idadi ya watu ndani. Mbuzi walinitazama kupitia upenyo wa mbao.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye moyo mzuri na masikio makubwa, alisimama kwenye mchongoma kwa muda mrefu. Kisha akazunguka kuingia jikoni kwa mama. Niliwasikia wakiongea Kiiraqw, ile sauti ya chini ya msibani. Alikuwa anamweleza kwamba kuna mchungaji huko Rhotia, anaombea watu wa namna hii, hata waliosoma sana, na hasa waliosoma sana. Mama alimshukuru. Jirani alipoondoka alinipungia mkono taratibu, kama mtu anayemwogopa ng'ombe mgeni.

Mama alikuja akachukua mwiko.

"Nataka kusonga," alisema. Lakini hakuondoka. Alilitazama lile boksi, akaweka kidole kwenye sindano moja. "Hii inapima nini?"

"Joto la injini."

"Na hii?"

"Mama, niache nisome."

"Mwanangu, unakonda. Kama hawakutaki, si urudi ukafundishe hesabu? Watoto wa hapa hawana mwalimu wa hesabu."

Nilimwambia kwamba siwezi kurudi. Aliniuliza kwa nini, nami, ambaye maisha yangu yote nimewauliza watu kwa nini, sikuwa na sababu hata moja ya kumpa. Nilisema tu siwezi. Nilianza kulia mbele ya dashibodi ya karatasi, naye akasimama pale na mwiko wake, hajui anishike wapi.

Siku iliyofuata meneja aliniita ofisini. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha. Alisema safari ya Ijumaa ya kwenda Endulen, kupeleka dawa hospitali ya misheni, ndiyo itakuwa ukaguzi wangu wa mwisho. Hakutakuwa na abiria. Nitaketi kiti cha kushoto, cha rubani mkuu, Kapteni ataketi kulia na hatasema kitu isipokuwa kuna hatari. Baada ya hapo, alisema, tutaona. Alikuwa akizungusha kalamu, na nilijua barua ya kunishukuru imeshachapwa, kwa sababu hata ya mwenzangu ya kupongezwa ilichapwa kabla hajaruka.

Nilimpigia simu mwenzangu Seronera. Alikuwa kiwanjani, upepo unavuma kwenye simu.

"Sikiliza, msomi," alisema. "Unajua Kapteni anaogopa nini kwako? Si kwamba hujui. Anaogopa kwamba siku moja kitabu kitasema hivi, na wewe utakaa hewani unabishana nacho. Ijumaa kuwa mashine. Usiulize. Hata 'leo hali ya hewa vipi' usiulize. Kitabu kikisema ruka, ruka. Kikisema rudi, rudi."

"Na kitabu kikikosea?"

"Unaona sasa?" alisema, na nilisikia anacheka bila furaha. "Dada, nakuomba."

Nilimwahidi. Nilijiahidi pia. Siku zilizobaki niliimba. Nilitumia wimbo wake uleule, pua chini, kasi, nikazunguka zizi huku napiga mapaja, na jirani akafunga dirisha lake. Jambo la ajabu lilitokea: niliweza. Kitu fulani ndani yangu kilichoka kabisa, kikaketi chini, na maneno yakaanza kupita bila kusimamishwa na mtu mlangoni. Sikuhisi nimejifunza. Nilihisi kama nimehama nyumba na kuacha vitu vyangu.

Ijumaa Kapteni alitaka tuondoke mapema kuliko ilivyopangwa, ili kuwahi mawingu yaliyokuwa yanajikusanya ukingoni. Tulipakia maboksi ya dawa, tukayafunga kwa wavu. Nilifanya kila kitu kwa mpangilio, kwa sauti, mkono ukigusa kila ninachokitaja. Tulipaa. Karatu ilipita chini yetu na mabati yake yanayong'aa, mashamba mekundu, barabara ya kwenda getini ikiwa na magari ya watalii yamefuatana kama siafu. Kapteni alikunja mikono. Njia nzima hakusema neno.

Kiwanja cha Endulen ni kipande cha majani na udongo kilichonyooka, hakina uzio. Ng'ombe wa wafugaji hulisha pale kama wanavyolisha kwingine, maana kwa ng'ombe majani ni majani. Safari zetu za nyuma mlinzi wa kiwanja alikuwa ameshawaondoa kabla hatujafika, tukatua moja kwa moja. Siku ile tuliwahi, na mlinzi alikuwa bado hajafika. Nilipokiona kiwanja kutoka juu, kilikuwa na kundi zima la ng'ombe katikati, na wachungaji wawili.

Kitabu cha viwanja kina utaratibu wa hali hiyo, na niliujua kwa moyo. Unapita chini juu ya kiwanja, kwa urefu uliotajwa na kwa kasi iliyotajwa, ili mngurumo uondoe wanyama na watu. Unapaa, unazunguka, unaangalia. Kama bado hakijawa safi, unapita mara ya pili. Kama bado tena, hutui. Unarudi ulikotoka. Viwanja vya watalii kule mbugani tunafanya hivyo kila siku kwa pundamilia na swala, na wanaondoka.

Nilipita chini. Ng'ombe walikimbia, wachungaji wakawakusanya pembeni vizuri kabisa. Nilipaa, nikazunguka, nikageuza kichwa kuangalia. Kiwanja hakikuwa kitupu. Watu walikuwa wanatoka upande wa maboma, mashuka mekundu na ya bluu, wanatembea haraka, wanaingia kiwanjani.

Nilimtazama Kapteni. Alikuwa anatazama mbele.

Nilipita mara ya pili. Nilishuka hadi urefu uleule uliotajwa, si chini zaidi wala juu zaidi, na safari hii niliwaona vizuri. Walikuwa wengi. Mzee mmoja aliinua fimbo. Wanawake walikuwa wanakimbia huku wameshika shanga zao kifuani zisiruke. Nyuma yao wanaume wanne walikuwa wamebeba kitu kirefu kwenye blanketi, wanakimbia kwa hatua fupi zinazolingana, kama wanavyokimbia watu wanaobeba kitu kinachoumia. Hawakukimbia kutoka mbele ya ndege. Walikuwa wanakuja katikati ya kiwanja.

Nilivuta usukani, tukapaa juu yao.

"Wanamleta mtu," nilisema.

"Hatuna taarifa ya mgonjwa," Kapteni alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu Manyara. "Amri ni yako."

Swali lilikuwa limeshafika kooni. Ni swali rahisi, hata mtoto angeliuliza: kwa nini wanaingia badala ya kutoka? Kila kiumbe kinakimbia kelele ile. Pundamilia anakimbia. Ng'ombe wao wenyewe walikimbia. Kama watu wote hawa wanakuja mbele ya pangaboi linalozunguka, basi kuna kitu wanachokijua ambacho mimi sikijui, na siku nyingine yoyote ya maisha yangu ningekaa hewani nikizunguka mpaka nikijue. Ningeita hospitali kwa redio, au kwa simu kama ingeshika. Ningemuuliza huyu mtu wa pembeni yangu kama amewahi kuona jambo kama hili. Mafuta yalikuwepo. Mawingu yalikuwa bado mbali.

Nilimkumbuka mwenzangu akiniomba. Nikamkumbuka baba na kofia yake.

"Kiwanja si salama," nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kitabu. "Tumepita mara mbili. Narudi Manyara."

Niliinua pua, nikaongeza nguvu, nikageuza. Wakati bawa la kushoto linashuka nilikiona kiwanja chote kwa chini yake. Wale wanaume wanne walikuwa wameshafika katikati. Waliliweka blanketi chini. Mmoja alisimama juu yake, amelitandaza shuka lake kwa mikono miwili ili kumkinga aliyelala na jua. Watu wengine walikuwa wametulia, nyuso zimeinuliwa, wanatufuata kwa macho kama watu wanaosubiri gari ligeuze tu, lije.

Tulirudi na dawa zetu. Karatu ilipita tena, barabara, mabati. Nilitua Manyara vizuri kuliko nilivyowahi kutua mahali popote. Magurudumu yaligusa kama mtu anayeweka kikombe mezani. Nilizima injini kwa mpangilio. 

Kapteni alifungua mkanda. 

"Wengi wangetua," alisema. "Wangemwona yule mgonjwa, wangeingiwa na huruma, wangejibana pembeni ya watu, bawa lingemkata mtu kichwa. Nimeona hiyo." Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake una uchovu kama wangu. "Tena hukuniuliza hata swali moja. Umeiva, binti. Hongera."

Dawa zilipelekwa na gari siku hiyohiyo, kwa njia ya ukingoni. Dereva aliporudi nilimuuliza kama alisikia habari za mgonjwa wa kiwanjani. Alisema alishusha maboksi na kugeuza, maana mvua ilikuwa inaanza, hakusikia kitu.

Nyumbani baba alichinja jogoo. Watu wa shambani walikuja, jirani alikuja pia na sahani ya maandazi, akaniambia kwa sauti ya kujiamini kwamba alikuwa ananiombea. Boksi la friji lilikuwa bado ukutani. Wageni walipitishwa kuliona. Baba aliwaeleza sindano moja moja, alikuwa amejifunza kwa mama, na karibu zote alizipatia. Mimi niliketi, nikala, nikacheka pale walipocheka. Nilikuwa nimepata nilichokitaka na sikuweza kukionja. Jogoo alikuwa na ladha ya maji. Mtu aliniuliza huko juu kunakuwaje, nikasema kunakuwa na baridi.

Nimeruka njia ile mara nyingi tangu hapo, na abiria, na dawa, na mara nyingine na wagonjwa ambao taarifa zao huja kwa simu siku moja kabla. Nilijaribu kuuliza. Wafanyakazi wa kiwanjani walikuwa wamebadilika. Wengine walisema siku ile watu walikuja kushangaa ndege tu, na hilo nililitaka sana liwe kweli, nikaliamini kwa muda mrefu, mimi nisiyeamini kitu upesi.

Ilipita miaka kabla sijambeba muuguzi mmoja mstaafu wa ile hospitali ya Endulen, mama wa makamo ya juu, anayekwenda Arusha kwa mwanawe. Hapakuwa na abiria wengine, nikamkaribisha kiti cha pembeni yangu. Alipenda kuongea. Alinisimulia jinsi kazi ilivyokuwa alipoanza, kabla simu hazijashika kwenye mabonde yale, wakati ndege ndogo ya madaktari ilikuwa ikija kila baada ya muda na haikuwa na njia ya kuwaambia watu wa maboma kwamba imefika. Kwa hiyo waliwekeana utaratibu na wazee, alisema, na kule watu hawasahau walichokubaliana. Hata sasa wapo wanaoufuata. Ndege ikipita chini juu ya kiwanja mara moja, maana yake kliniki ipo, wenye watoto na wenye wagonjwa waje kiwanjani. Ikipita mara mbili, maana yake ndani kuna nafasi ya mtu mmoja kulala: mleteni mgonjwa katikati ya kiwanja, msiondoke pale, inageuka kumchukua.